Nilimcheka Mtu kwa Jambo Langu

Asalaam aleikum. Na nyinyi mnaotoka kanisani, Mungu awabariki. Na wewe dereva uliyesimama mlangoni na ufunguo mkononi, ingia uketi, maana leo sitasema kwa kifupi.

Mwenyekiti aliponiambia ni zamu yangu ya kusimama mbele ya kikundi, alidhani nitawaeleza lori langu lilivyoanguka pale mteremkoni. Hiyo mnaijua, na wengine wenu mlikuja kuokota chumvi yangu. Leo nina jambo ambalo kwa miaka kumi na tisa alilijua mke wangu peke yake. Yuko hapo nyuma na akina mama wenzake. Jana nilimwomba ruhusa, akaniambia, "Sema, lakini kwa adabu." Basi mama zangu, mnisamehe adabu ikiniponyoka.

Mnaniita Hajji, ingawa Maka sijafika. Kutoka Kabatoro, kule kwenye ziwa la chumvi, na magunia yangu, nikapita Kasese, nikarudi hapa Bwera, kote huko ni Hajji, Hajji. Nami niliitika. Lakini mimi ni mtoto wa kambi. Baba yangu alikuwa askari, alitoka mbali kaskazini, na kwa watu wake mwanamume hatahiriwi. Nilizaliwa hivyo nikakua hivyo.

Kambini tulifundishwa jambo moja kabla hatujajua kusoma. Afande akiuliza, umefagia? Unajibu, "Tayari, afande!" Kisha unakimbia kutafuta ufagio. Hilo lilinikaa mdomoni hadi utu uzima.

Nilipompata binti wa hapa Bwera nikataka kumwoa, nilikwenda msikitini kusilimu. Nilisema maneno yale kwa moyo safi, hilo sijawahi kulijutia. Baadaye sheikh wetu, mzee yule, akanivuta pembeni akaniuliza kwa upole, "Kijana, umetahiriwa?" Nikapiga mguu chini: "Tayari, afande!" Waliosikia wakacheka, wakanipenda. Nami nikajiambia nitakimbia kutafuta ufagio wiki ijayo.

Wiki ile haikufika. Nikaoa, nikapata watoto. Wanangu wa kiume nimewapeleka tohara wakiwa wadogo, nikawashika mikono, nikawaambia, "Hata baba alipita hapa." Nilisema hivyo nikiwatazama machoni, ndugu zangu, na hadi leo likinijia nasikia vibaya.

Sasa ugonjwa. Ulianza na muwasho, kisha ngozi ya mbele ikawa inapasuka vipasuko vidogo, inapona, inapasuka tena. Nyinyi mnaobeba chumvi mnajua sisi tulivyo. Macho yakiwa mekundu tunasema ni chumvi. Kiatu kikioza ni chumvi. Mtu akikosana na mkewe, hata hiyo ni chumvi! Nami nikasema ni chumvi, maana pale ziwani wachimbaji wenyewe wanaumia sehemu hizo kila siku, na hakuna anayeshangaa. Halafu nikafanya ujinga mkubwa zaidi. Nilikumbuka watu wanavyosema maji ya chumvi hukausha kidonda, nikabeba jerikani ya maji ya ziwa hadi nyumbani nikawa najiosha nayo. Mke wangu alinikuta bafuni nimeuma taulo kwa maumivu. Akasema, "Baba watoto, wewe iko samaki? Unajikausha uende sokoni?"

Niliendelea hivyo karibu mwaka mzima. Ngozi ikajaa makovu, ikakaza kama mdomo wa gunia lililoshonwa. Haikurudi nyuma tena. Kukojoa kukawa kazi ya mtu mzima.

Nikaenda Kasese, kwa makusudi, ili nisionwe na mtu wa Bwera. Daktari alikuwa msichana ambaye ningeweza kumzaa. Nilitaka kugeuka niondoke, lakini alikuwa ameshafunga mlango. Akanipima, akapima na sukari, akaniambia sukari haina shida. Akanipa mafuta ya kupaka mwezi mzima. Niliporudi akatikisa kichwa. "Mzee, hili govi limekaza sana. Dawa ya kupaka haiwezi tena. Inabidi utahiriwe, na usingoje mkojo uzibe."

Nikamuuliza, "Hakuna sindano?" Akasema sindano iko, ya kukutia ganzi kabla ya kisu.

Nawaambia ukweli, sikuogopa kisu. Nimewahi kushonwa kichwa bila ganzi. Niliogopa nyinyi. Nilimwona akilini mtu akipita nje ya chumba cha tohara, ananiona, anapiga simu, na kabla sijarudi nyumbani Bwera nzima inajua kwamba Hajji ni Hajji wa bandia. Wakwe zangu je? Wanangu niliowadanganya je? Nikaona bora maumivu. Miezi miwili nikakaa nayo.

Katika miezi hiyo ndipo nilipofanya lile ninalotubu leo.

Kulikuwa na ndugu mmoja, fundi wa matairi, mgeni hapa kwetu. Alikuwa anataka kusilimu. Jumamosi moja tulikaa kwenye kibaraza cha msikiti tunakunywa chai, naye akasema mbele ya watu wote, bila kujificha, "Mimi dini naipenda. Ila ile ya kukata naogopa." Alisema ukweli mtupu, yale maneno ambayo mimi yalinishinda miaka kumi na tisa. Nilisikia kama amenivua nguo. Basi nikapaza sauti: "Mwanaume mzima anaogopa kiwembe? Sisi tulisimama jicho halikupepesa!" Watu wakacheka. Baadhi yenu mlikuwepo, mlicheka. Yule ndugu akaweka kikombe chini, chai ikiwa nusu, akaondoka. Hakurudi kwenye kibaraza kile.

Msigeuze shingo kumtafuta. Nisikilizeni mimi.

Haikupita muda, nikatoka Kabatoro na mzigo. Nilipofika maeneo ya Munkunyu nikasimamisha lori kando ya shamba la pamba. Nilisimama, nikasimama. Hakitoki kitu. Mama mmoja aliyekuwa akipalilia akanipigia kelele, "Dereva, unangojea mvua?" Nikajaribu kucheka. Kisha yakatoka matone machache, na yalikuwa na damu. Hapo, ndugu zangu, kicheko kilinikauka. Niliendesha hadi nyumbani bila kusimama.

Nikamwambia mke wangu. Hakulia, hakunigombeza. Akasema, "Jambo lako nimefunika miaka yote, kwa sababu nakupenda. Ugonjwa mimi siwezi kufunika. Kesho unaenda."

Asubuhi tulifika hospitali mapema. Akaenda kuandikisha jina, mimi nikaelekea kwenye benchi nje ya chumba cha tohara. Vijana tu wamekaa pale, na baba mmoja na mtoto wake. Na mwisho wa benchi, amejifunga shuka, amekaa upandeupande, nani? Yule fundi wa matairi. Alikuwa amekwisha kukatwa siku chache nyuma, amekuja kubadilisha bandeji.

Akaniona. Akasimama kwa heshima, pole pole, mnajua kwa nini. "Hajji! Shikamoo. Umeleta mutoto?"

Jamani! Mlango wa kutokea ulikuwa huo, wazi kabisa. Ningesema ndiyo, mtoto yuko njiani, ningezunguka jengo na kupotea. Ulimi wangu ulikuwa umeshafika kwenye "Tayari." Nilimtazama yule mtu niliyemcheka. Alikuwa ameogopa mbele ya watu, akachekwa, na bado akaja peke yake. Machozi yakanijaa.

Nikasema, "Hapana, ndugu yangu. Nimejileta mwenyewe."

Sijui alichofikiri. Alikuwa na haki ya kucheka hadi bandeji imfunguke. Hakucheka. Akasogea, akapapasa benchi. "Kaa hapa. Ile sindano ya ganzi ndiyo iko na uchungu, kisu hautasikia. Na hii suruali yako itakusumbua kurudi." Alikuwa na shuka ya pili ndani ya mfuko, safi, imekunjwa. Akaniwekea magotini. Hakuuliza swali hata moja.

Nilikatwa. Ilikuwa kama alivyosema. Wiki sita nimekaa nyumbani, nikafuata masharti, na mke wangu aliyahesabu hayo masharti vizuri kuliko daktari. Ndugu yule alikuja kila Ijumaa kunisalimu. Mlipomuuliza kwenye gereji, Hajji ana nini, alijibu, "Mimi nafanya matairi. Yeye mwenyewe muulizeni." Leo nakojoa kama kijana wa shule. Samahani, mama zangu, niliwaonya.

Nilipopata nafuu niliwaita wanangu nikawaambia yote. Siku ya tatu mkubwa akanichemshia chai. Halafu nikaenda kwa sheikh, nikapiga magoti. Mzee akaninyanyua. Akasema, "Siku ile nilikuuliza kwa sababu kulikuwa na daktari aliyekuwa akitusaidia, nikataka akuone. Ungesema bado, ningekwambia ngoja uwe tayari. Shahada yako ilikuwa imeshatimia." Miaka kumi na tisa nimelinda mlango ambao haukuwa na kufuli.

Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, na mimi kilibakiza kidogo tu. Ndugu yangu mwenye kitu kinakuuma mahali usipoweza kutaja, usiseme ni chumvi. Nenda ukapimwe. Ukiogopa, sema naogopa. Na akisimama mtu hapa akasema anaogopa, asicheke mtu. Anayecheka kwa sauti kubwa mchunguzeni yeye.

Nawashukuru. Yule binti daktari wa Kasese, kwa kufunga mlango. Sheikh wetu. Mke wangu, ambaye sina neno la kumtosha. Kwa lugha ya kwenu, asante sana: wasingya kutsibu, mama.

Nawe, ndugu, niliyekucheka mbele ya watu. Kwenye benchi nilikushukuru, lakini msamaha sikuomba, na kosa la mbele ya watu haliombewi msamaha pembeni. Basi naomba mbele ya hawa hawa. Nisamehe. Shuka yako imefuliwa, iko pale kwenye mkoba wa mke wangu. Na kibarazani nje, pale pale tulipokaa Jumamosi ile, kuna chupa ya chai. Tukitoka nitawamiminia nyote, lakini kikombe cha kwanza sitakigusa wala sitampa mtu. Kitakaa pale ulipokiacha, kimejaa, hadi ukichukue mwenyewe.