Shamari za Tara

Mashahidi wote wanakubaliana juu ya mambo haya: kwamba ilikuwa Jumanne asubuhi, kwenye benchi lililo mbele ya maduka ya Northfield, Birmingham, kwamba koti lilikuwa la buluu, la kike, mali ya marehemu Tara, na kwamba mumewe, Mzee Chhotubhai, alikuwa amelisugua kwa brashi mpaka kwenye mishono, ila mfuko wa kushoto hakuugusa. Yaliyobaki yana ubishi. Athanase alikuwa na fomu mapajani, kwa kuwa macho ya Chhotubhai hayasomi tena herufi ndogo. Benchi humwita Athanase Grefye, maana alikuwa karani wa mahakama Bukavu kwa miaka ishirini. Goretti, yaani Redio, alikuwa akimimina kahawa ya tangawizi. Fomu ilitoka kwa wenye meli. Safari ilikatiwa tikiti za watu wawili, mume na mke, kwenda visiwa vya kusini kabisa mwa dunia, karibu na barafu, wakamwone albatrosi, ndege mkubwa wa bahari, kiotani kwake. Tara alifariki Februari. Meli inaondoka Novemba.

– Swali la tisa, alisoma Grefye. Je, umehakikisha kwamba nguo na mifuko yako ni safi, haina mbegu wala udongo?

– Andika ndiyo. Nimepiga brashi, nime-hoover vumbi lote, bana.

– Siwezi andika kintu sijaona, Mzee. Fungua ule mfuko.

Chhotubhai hakufungua. Alisema tu kwamba ndani mna shamari. Tara alizikaanga mwenyewe, akitafuna punje mbili tatu kila baada ya chakula, tangu wakiwa Kisumu.

– Za kukaanga hizo. Haziwezi kuota.

– Swali haliulize kama zitaota. Linauliza kama ziko.

– Lakini mbegu ya kukaanga ni mbegu? Wewe ndiye mtu wa sheria.

Grefye alilipima jambo hilo kama anavyopima kila jambo, bila haraka.

– Yai la kuchemsha tunaliita nini? Yai.

– Haba na haba hujaza kibaba, Goretti aliingilia. Punje moja tu, mwaka kesho kisiwa yote ni shamari. Pengwini banatafuna, banakataa samaki.

– Redio, tafadhali.

– Niko nasema kweli. Kisha balaumu nani? Sisi barefugee ba Birmingham.

– Mimi si refugee. Nina pasipoti ya hapa tangu sabini na nne.

– Basi balaumu pasipoti. Na tena, Papa Athanase, si banasema mgeni njoo, mwenyeji apone?

– Kule mgeni alikuwa panya, alisema Grefye. Alishuka melini, akala vifaranga mpaka ndege wakakaribia kwisha. Imeandikwa hapa, ukurasa wa pili.

Chhotubhai alilikunja koti, akalikunjua.

– Tara alisoma kwamba albatrosi hurudi kiota kilekile. Kama mwenzake hajafika, anangoja. Alitaka kuona anangojaje.

– Anangoja siku ngapi? aliuliza Goretti.

– Hakufika ukurasa huo.

Kisha akasema polepole:

– Nitalivaa mimi. Ndiyo njia yake ya kwenda. Lakini bila shamari ni koti tu, Grefye. Koti hata hapa nyuma yetu wanauza.

Ndipo akaja Sylvie, aliyefika mjini wiki mbili nyuma kutoka Goma, akakaa kungoja basi. Alikuwa amesikia tu kwamba mzee atalivaa koti safarini; habari za msiba hakuwa nazo. Akagusa mkono wa koti.

– Koti ya muzuri. Papa, na mama mwenyewe, kule kwa baridi, atavaa nini?

Goretti aliinamisha chupa ya kahawa. Ilikuwa imekwisha.

Chhotubhai akatia mkono mfukoni. Goretti anaapa kwamba ulitoka umejaa na kwenda kinywani. Sylvie anasema ulitoka mtupu kama ulivyoingia. Grefye ndiye aliyekuwa karibu zaidi, naye aliyaweka macho yake kwenye fomu, kwa makusudi, hata baada ya kusikia zipu ya mfuko ikifungwa. Wakati wa kuagana alisikia harufu ya shamari katika pumzi ya mzee. Lakini koti nalo lilinukia hivyohivyo.

Mbele ya swali la tisa pameandikwa ndiyo. Mwandiko ni wa Grefye, ambaye kwa miaka ishirini hakuwahi kuandika asichokiona. Wewe uliyesikia pande zote, amua: siku hiyo aliandika nini: kweli, uongo, au rambirambi?