Mashine Yangu na Maneno Niliyoogopa Kusoma

Ndugu zangu, msifuni Bwana pamoja nami. Nimekuja na aibu na sifa. Nitaanza na aibu, ili sifa ibaki ya mwisho.

Wengi mnanijua. Nilichuma chai miaka mingi na kikapu mgongoni, nikanunua posho mill ya kusaga mahindi, halafu nikafungua studio ya picha hapa Silibwet. Shule niliachia darasa la pili. Aliyenicheka nilimwonyesha mashine yangu ya kuchapa picha kubwa, ndefu kama kitanda, na hakucheka tena. Picha za harusi, za wachungaji, za marehemu za kubebwa mbele ya jeneza, zote zilitoka kwangu.

Walioniuzia walibandika namba ya simu ya fundi wao ubavuni mwa mashine. Nikaisukuma mpaka ule ubavu ukaangalia ukuta. Mimi niite mtu? Mimi niliyetengeneza posho mill kwa nyundo na waya?

Kila jioni nilizima stima ukutani, umeme wote, vile nilivyozima mill. Asubuhi skrini inaandika maneno ya Kizungu. Nilichojua ni kitufe cha kijani. Nikibonyeza, maneno yanaondoka, kazi inaendelea. Ndugu zangu, miezi mingi nilikuwa naitikia amina kwa maombi ambayo sijasikia.

Jumatano moja asubuhi akaja Mama Atieno, anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni. Mume wake alikuwa amefariki, na kesho yake mwili ulikuwa unasafirishwa kwao upande wa ziwa. Alikuwa na picha moja tu ya marehemu, ndogo kama kiganja. Nikaichapa. Ikatoka na mistari myeupe kutoka sikio hadi sikio. Nikarudia, mistari ikaongezeka. Halafu mashine ikagoma kabisa, na kitufe cha kijani hakikuondoa maneno.

Mama Atieno akaangalia ile karatasi.

"Baba, huyu si mume wangu. Mume wangu hakufungwa kamba usoni."

Hayo maneno yalinichoma. Nikavuta mashine kutoka ukutani, nikapiga ile namba. Akajibu fundi mwanamke huko Kericho, anaitwa Nyaboke.

"Mzee, skrini imeandika nini?"

"Wewe njoo tu."

"Nikija mikono mitupu nitakusaidia na nini? Nisomee."

Mama Atieno ameketi pale ananitazama. Kiburi kikaniambia, kata simu. Nikamwomba Mungu kimoyomoyo, ombi fupi, kisha mdomo wangu ukasema, "Dada, mimi sijui kusoma Kizungu."

"Herufi unazijua?"

"Hizo najua."

"Basi nitajie moja moja. Sina haraka."

Nikataja kama mtoto wa nasari, mstari mzima, mbele ya mjane.

"Chombo cha kukusanya wino mchafu kimejaa," akasema. "Mashine inakwambia hivyo tangu lini?"

"Tangu wakati wa kupalilia mahindi."

"Na jioni unaizimia wapi?"

"Ukutani."

"Ai, mzee! Hiyo si posho mill. Ikiachwa kwa stima inajisafisha yenyewe. Ukikata, wino unakaukia mdomoni mwake."

Saa saba alikuwa studio na chombo kipya. Akabadilisha, akasafisha kichwa cha kuchapia mara tatu. Saa tisa picha ikaanza kushuka polepole, paji la uso, macho, shavu. Hakuna mstari hata mmoja!

Mama Atieno akasogeza kidole karibu na lile shavu. "Kovu lake lipo," akasema. "Sasa ndiye."

Ndugu zangu, nimejenga nyumba ya mawe, nimesomesha watoto, lakini siku hiyo ndiyo nilishinda. Mungu alifungua kichwa cha mashine, akaanza na changu. Leo ile namba inaangalia mlango, na stima siikati tena.

Na wewe uliyeketi hapo, unabonyeza tu ili maneno yaondoke, acha. Mwambie Bwana, "Hapa sijui kusoma." Atakungoja utaje herufi moja moja. Mimi aliningoja.