Nati Iliyokataa Bolti za Dukani

Kijiwe chetu ni benchi moja la chuma na mbao, mbele ya karakana ya marehemu mume wangu, na mimi nauza kahawa pembeni. Wateja wa kila asubuhi ni wawili: Kanali, mlinzi mstaafu ambaye hajawahi kuamrisha hata kuku, na Hapana, aliyepewa jina hilo kwa sababu kukataa ndiyo kazi pekee anayoifanya kwa bidii. Karakana sasa ni ya mjukuu wangu, baba wa watoto wawili, tunamwita Milimita maana hata chumvi anataka kuipima. Asubuhi hiyo mashine yake ya kukereza vyuma ilikuwa kimya. Bolti inayobana kisu cha kukatia ilikatika jana shingoni, na shafti ya pampu ya maji ya mtaa ikabaki imekerezwa nusu. Mabomba yalikuwa makavu siku ya tatu. Milimita aliahidi kuikabidhi shafti saa sita mchana wa siku hiyo. Asipoikabidhi, inapelekwa gereji kubwa, na watu waendelee kusema kwamba ile karakana ilizikwa pamoja na babu yake.

Milimita akatoka ndani, bolti mkononi, tupa kwapani.

— Ya tatu nayo imegoma. Inaingia mizunguko miwili, inakwama.

— Si ununue dukani? akauliza Kanali.

— Mzee, ya kwanza ilikuwa ya dukani. Kichwa chake kina pembe sita, na mfereji wa mashine, ambamo kichwa hukaa, unataka cha mraba. Nikakichonga kwa tupa, kikakaa vizuri. Sasa nati ndiyo haitaki. Meno yake mapana, meno ya bolti za dukani membamba.

— Kaza kwa nguvu, bwana!

— Hapana, akasema Hapana. Nguvu ndiyo iliyokata ya jana. Na hizo mbili nyingine?

— Nimechonga meno kwa mkono. Jino la tano limekwenda upande. Nusu milimita.

— Basi chonga nyingine kwa mashine, akasema Kanali.

— Mashine haifanyi kazi bila bolti, mzee.

— Na bolti?

— Haitengenezeki bila mashine.

Kanali akamaliza kahawa yake kwa mkupuo mmoja. Milimita akarudi ndani, tukasikia tupa ikilia.

— Mimi najua tatizo, akaanza Kanali. Mashine za zamani ziliundwa na watu wachoyo. Walikata meno ya ajabu makusudi, ili ikiharibika uwaandikie barua unalia.

— Hapana. Tatizo ni chuma cha siku hizi. Kinatokana na makopo ya maziwa. Kopo haliwezi kuwa bolti hata ulipake grisi.

— Basi achomelee kisu palepale kwenye mashine. Bolti ya nini?

— Hapana. Kisu kikiwa butu?

— Anachomelea kingine juu yake.

— Hapana! Mwezi mmoja tu visu vimefika darini!

— Basi nati na bolti zilazwe pamoja kwenye oili wiki moja. Zizoeane.

— Watu wanasubiri maji, nikamwambia, wewe unaozesha vyuma.

— Mama, chuma kina kumbukumbu! Ukikipasha moto kikawa chekundu, kinarudi umbo lake la kwanza.

— Hapana. Umbo lake la kwanza ni udongo.

Hapo Hapana alikuwa sawa, nikamwongezea nusu kikombe. Ikawa kosa, kwa sababu akapata nguvu ya kutoa wazo lake.

— Sikilizeni. Bolti ishikwe isizunguke, halafu mashine yote ndiyo izungushwe. Wanaume wanane wanatosha.

— Ndani ya chumba kile? nikamuuliza.

— Tunatoa paa.

Wakati Kanali anahesabu wanaume, akafika mwanamke mfupi, funguo za nyumba ya pampu zimening'inia shingoni. Hajawahi kukaa pale kijiweni.

— Shikamoo, bibi.

— Marahaba, mwanangu. Umefuata shafti.

— Ndiyo. Imeisha?

— Tuko hatua za mwisho, Kanali akadakia.

— Wewe na nani? nikamuuliza.

Milimita akatoka na nati mkononi, akamweleza yote bila kuficha: nati, meno, bolti tatu. Kidole kimefungwa kitambaa. Yule mama akamsikiliza mpaka mwisho.

— Pole, kaka. Lakini mtaa mzima unaniangalia mimi. Nipe tu shafti yangu.

Milimita akainamisha kichwa, akageuka kuifuata. Yule mama akatazama ile nati mkononi mwa Milimita.

— Lakini marehemu mwenyewe alikuwa anapata wapi bolti zake?

Milimita akasema hakuwahi kuuliza.

Nikaweka birika chini. Mume wangu aliinunua ile mashine ikiwa imepungukiwa gia, na zilizobaki zilikata meno ya aina moja tu. Kwa hiyo nati zote za mashine alizitengeneza upya, kwa meno hayohayo. Bolti alikata kumi kwa mpigo, vichwa vya mraba, maana za pembe sita alisema zinamlia mchana mzima. Zilizozidi alizitia popote penye tundu.

— Simameni, nikasema.

— Mama?

— Tokeni kwenye benchi. Wote wawili.

Wakasimama na vikombe vyao. Milimita akapiga magoti, akakwangua rangi kwenye mguu wa benchi. Kichwa cha mraba. Akatia spana, ikalia, ikalegea, bolti ikatoka nyeusi na meno yake mapana. Benchi likalala ubavu. Tukamfuata hadi mlangoni. Akaitelezesha bolti kwenye mfereji, akakishusha kishikio cha kisu, akaiweka nati juu. Spana hakuigusa. Kwa vidole viwili, nati ikateremka mpaka chini.

— Bibi.

— Naona. Kaza.

Mashine ikanguruma. Uzi wa kwanza wa chuma ukajikunja ukaanguka sakafuni.

— Nije saa ngapi? yule mama akapaza sauti.

— Usiondoke, Milimita akajibu bila kugeuka. Saa sita bado. Na nikimaliza hii, Bibi, nakata bolti kumi.

— Kata ishirini, nikamwambia. Na wewe utakufa siku moja, wanao watazihitaji.