Takwimu Ngumu, Takwimu Nyepesi

Kijiwe chetu kiko Kihesa, Iringa, kwenye benchi nje ya kibanda cha Damari, muuza kahawa ya tangawizi. Asubuhi hiyo kulikuwa na baridi na ukungu, na tulikuwa watatu tu. Mimi, Anord na Sosthenes. Anord tunamwita Jipiei, yaani GPA, kwa sababu alimaliza digrii na wastani mkubwa. Sasa anaendesha bodaboda. Sosthenes ni Disko. Wageni hudhani anapenda muziki, kumbe alidisko chuo, yaani alifukuzwa kwa kufeli mwaka wa kwanza.

Akapita Benedicta, binti wa mjomba wake Anord, akielekea chuoni. Ametoka Makongolosi. Baba yake ni mchimbaji wa dhahabu, na vumbi la mashimoni limemmaliza kifua. Siku hiyo ilikuwa ya mwisho kuchagua somo la takwimu, na masomo hayo yako mawili. Moja ni la idara ya hisabati, gumu kweli. La pili ni la sayansi ya jamii, jepesi. Alituambia anataka siku moja afanye utafiti ajue kwa nini wachimbaji wanakohoa vile, na mwalimu wake kamwambia bila lile gumu hafiki huko. Ila anaogopa kufeli arudishwe nyumbani.

Anord alimshauri achukue jepesi, alinde wastani, kama alivyofanya yeye. Sosthenes akaguna. Akamkumbusha usaili wa Mbeya, alipoenda kuomba kazi ya kuchambua takwimu za mahindi, akawekewa jedwali mezani akabaki kulitazama tu, asijue aanzie wapi.

— Wastani wako si ulikuwa kwenye bahasha? Ulikusaidia nini?

— Na wewe ulichukua gumu. Limekufikisha wapi?

Sosthenes alikunywa kahawa yake kwanza. Kisha akasema lile somo liliwekwa makusudi kuwachuja watoto wa shule kama ya kwao, ambayo haikuwa na mwalimu wa hisabati. Wenzake waliingia darasani wameshayaona yale mambo, yeye ndiyo kwanza anayasikia. Anord akasema hata hilo jepesi ni mtego, limewekwa ili wahitimu waonekane wengi. Sosthenes akaongeza kwamba vyuo vina makubaliano na wauza pikipiki: wanaofaulu wapelekwe bodaboda, wanaofeli wawe abiria. Siku nyingine tungecheka. Anord alisimama, akamwambia asimtanie kwa kazi yake. Sosthenes naye akasema yeye hata hiyo pikipiki hana.

Damari akawaambia wamwonee haya binti wa watu.

Benedicta alisubiri wanyamaze. Aliuliza taratibu, bila kejeli.

— Kaka zangu, kama leo mngekuwa mnaanza mwaka wa kwanza, mngechukua lipi?

Anord aligeuka akaanza kukagua tairi la pikipiki yake. Sosthenes aliinama akafuta tope kwenye kiatu. Nikajaribu kuwatafutia jibu kichwani mwangu, nikakosa. Damari akalitikisa birika, akasema kahawa imekwisha, ingawa sote tulisikia bado imo.

Benedicta akasema haya, asanteni, akashika njia ya chuo.

Mchana alirudi kwa njia ileile. Anord alimpungia mkono. Aliitikia kwa heshima, lakini hakusimama, na hakuna kati yetu aliyethubutu kumuuliza amechagua lipi.