Mchezaji Asiyeshangilia Bao

Mheshimiwa Diwani wa kata yetu; Mchungaji; Mzee Ezra, mkubwa wa ukoo wetu; Ndugu Mikidadi, uliyetoka Kyela mjini ukaliacha banda lako la gemu ili uje kulitazama la mshindani wako; wazazi na vijana wa Ipinda, Bujonde na Njisi; na wewe, mkwe wangu, mwenye ukumbi huu, uliyekaa nyuma ya pazia lile kwa sababu mimi niko hapa mbele: mugonile nyote.

Nina wasiwasi leo, na sitajaribu kuuficha.

Wengi wenu hamnijui, na siwalaumu. Mimi ni Asajile, mtoto wa Njisi. Mto Songwe ulipobadili njia ulipita katikati ya migomba ya baba yangu, na kilichokuwa kiwanja chetu kikawa ng'ambo. Nikaenda Tabora kufanya kazi ya reli kwa mwaka mmoja tu, nikaja kuiacha kazi hiyo kwa kustaafu. Tangu hapo nyumbani kwangu pamekuwa mahali ninapopasimulia zaidi ya mahali ninapokaa. Hata asubuhi hii nilimwambia kijana wa bajaji akate kona penye ghala la mpunga, akanijibu, "Babu, hilo ghala mimi nimelisikia kwa bibi yangu." Tukacheka wote wawili, lakini mimi niliacha kucheka kabla yake.

Nimeitwa kuuzindua ukumbi huu, na kamati inayomsaidia mkwe wangu kuununulia vifaa ikaniongezea kazi ya pili. Mnaona meza, mnaona runinga ukutani. Mashine za gemu bado hazijanunuliwa, kwa sababu vijana wamegawanyika. Wako wanaotaka ile nyeusi, iliyoko kwa Ndugu Mikidadi, na wako wachache wanaotaka ile nyeupe, ambayo mkwe wangu amekuwa nayo kwenye chumba chake cha zamani cha gemu. Mashine hizi ni za viwanda viwili vinavyoshindana, na katika gemu hili la mpira hazikutani: aliye kwenye nyeusi hatamwona kamwe aliye kwenye nyeupe, hata wakiwa wamekaa benchi moja. Kamati ikasema, aulizwe mzee wa Tabora, azicheze zote mbili, yeye hana upande.

Ndugu zangu, hapo ndipo wasiwasi wangu ulipoanzia. Upande ninao.

Lakini niliahidi kupima, na nikapima. Jumatano nilikwenda kwa Ndugu Mikidadi. Nilikuta watu hadi mlangoni, wengine wamesimama juu ya makreti ya soda, na binti mmoja akiurusha mchezo kupitia simu yake ili wa Mbeya nao watazame. Nilipewa padi ya kuchezea, nikabonyeza, na kabla sijavaa miwani nikawa nimeshapata mpinzani. Mpira ulikwenda pale kidole kilipouambia uende. Mikidadi akapaza sauti, "Mzee, kwangu pasi inafika kabla hujaitoa! Rudi Ipinda kawaambie!" Nimewaambia.

Alhamisi nikakaa kwenye nyeupe, katika chumba cha zamani. Mkwe wangu alikuwa ametoka alipojua nakuja, kama ilivyo desturi, akamwacha Lusungu, binti anayesimamia banda. Kwenye benchi palikuwa na watazamaji wawili, na mmoja alikuwa amekuja kuchaji simu. Tulisubiri mpinzani mtandaoni hadi chai ikapoa. Alipopatikana, mchezaji wangu aliinua mguu, akabaki ameuinua. Picha iliganda. Ilipoachia, mpira ulikuwa wavuni kwangu na jamaa anacheza ngoma kwenye kibendera cha kona. Lusungu akasema, "Babu, hii inastaki mpaka refa anaota mvi."

Je, mashine nyeupe imetengenezwa vibaya? Hapana, na ninaomba hili lieleweke. Ina watu wachache huku kwetu. Mashine yenye wachezaji wengi inakupatia mpinzani wa jirani, wa Mbeya au wa Dodoma, na ujumbe wa kidole chako una njia fupi. Mashine yenye wachache inakwenda kukutafutia mtu nchi za mbali, na kila pasi inasafiri kwenda na kurudi kama barua zetu za zamani. Unamkaba mtu mahali alipokuwa, siyo mahali alipo. Hali hiyo naifahamu vizuri kuliko ninavyotaka.

Sasa nieleze upande wangu.

Wageni wasiojua mila zetu wataniwia radhi. Kimila, mke wa mwanangu hakutani nami uso kwa uso, hanisalimii, halitaji jina langu, wala mimi lake. Nyumba nyingi siku hizi zimeliacha jambo hilo. Yangu haikuliacha, marehemu mke wangu alilishika, na mkwe wangu akalipokea kwake. Hatukuona shida, kwa sababu katikati yetu alikuwepo mwanangu Anyelwisye. Nilimwambia yeye, naye akamwambia mkewe. Akanijibu kwa njia hiyo hiyo. Anyelwisye ndiye aliyeileta mashine nyeupe Ipinda, na nyingine ya namna ile ile akaniletea Tabora, akanisajili kwa jina la "Songwe" na kunifundisha kucheza, akivumilia maswali yangu.

Mwaka juzi tulimzika. Nikarudi Tabora, na nilipofika nikatambua kwamba baina yangu na mkwe wangu hapakuwa tena na mtu wa kupitishia neno. Ningemuuliza nani kama amevuna kakao? Nani angeniambia kama amelala salama?

Miezi ikapita. Jumapili moja, baada ya ibada, niliiwasha mashine ili tu kuifuta vumbi vizuri. Nikakuta mwaliko wa mchezo kutoka Ipinda. Nilidhani ni kijana fulani wa banda. Tukacheza, nikafungwa mabao matano. Jumapili iliyofuata, tena. Lakini mchezaji huyu alikuwa na tabia niliyoshindwa kuielewa. Akifunga bao hashangilii. Anakatisha mbwembwe zote na kurudisha mpira kati. Mchezo ukiisha hatoki, ananisubiri nitoke mimi kwanza. Na picha yangu ilipoganda, ambapo wengine hukimbilia goli langu, nilipofunguka nilimkuta ameuweka mpira kwa mabeki wake, wanapasiana polepole, wananingoja nirudi.

Nawauliza vijana: ni nani kati yenu anayecheza hivyo? Hayupo. Ndivyo nilivyojua. Huyo alikuwa mtu anayemheshimu baba mkwe wake bila kumwona na bila kumtaja, huku akimfunga mabao matano. Huruma ya mabao hakuwa nayo hata kidogo.

Tangu hapo tumecheza kila Jumapili. Hatujaandikiana neno. Akichelewa kuingia, najua mvua imekata barabara. Akicheza vibaya, najua anaumwa, na siku hiyo silali vizuri. Hizo ndizo habari zangu zote za nyumbani.

Mnaelewa sasa kwa nini nina wasiwasi? Wateja wake wanahamia kwa Ndugu Mikidadi wiki hadi wiki, na yeye bado ameing'ang'ania mashine nyeupe. Lusungu alimuuliza sababu, akaambiwa tu, "Iache kwanza." Nahofia kwamba sababu ni mimi. Akiagiza nyeusi na kuiacha nyeupe, Songwe wa Tabora hataonekana tena kwenye orodha yake. Akiagiza nyeupe, ukumbi huu mzuri utakuwa na benchi la kuchajia simu.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Diwani, wanakamati, jibu langu ni hili: nunueni nyeusi. Zote ziwe nyeusi. Vijana hawa wanastahili mpinzani wa karibu na mpira unaotii, na mama huyu anastahili ukumbi uliojaa. Ndugu Mikidadi, usicheke mapema. Sasa utapata mshindani wa kweli.

Limebaki moja. Jana nilikwenda kwa Mzee Ezra, huyu hapa, nikamweleza yote. Akaniuliza, "Unataka kuondoa heshima?" Nikamwambia, "Mkubwa wangu, nataka kuondoa pazia." Kisha akasema, "Basi kamuulize yeye. Pazia hilo ni lake pia."

Felista. Leo nalitaja jina lako mbele ya watu, na ukoo umeridhia. Mimi siagizi, nauliza. Huenda desturi hii imekuwa stara yako miaka yote, na sina haki ya kukuvua. Ukiona vema kubaki ulipo, baki, na heshima yangu kwako haitapungua. Nitakata utepe huu na tutakula wali pamoja, wewe huko na mimi huku. Ukiona vema kutoka, toka, unisalimie, na kuanzia leo unipigie simu. Uniambie kakao imekaukaje. Uniambie nani aliyekufunga, kama yupo.

Usiharakishe. Umeningoja mara nyingi nikiwa nimeganda, ukaushika mpira wala hukunifunga. Leo ni zamu yangu kuushika. Na nimejifunza kutoka kwako kwamba picha ikisimama, haimaanishi kuwa upande wa pili hakuna mtu.

Waheshimiwa, ndugu zangu, ndaga fijo. Asanteni kwa kunisikiliza mimi. Sasa naomba mninyamazie kidogo, nimsikilize yeye.