Goti la Amsey Bearinger, 1940–2018

Ndugu wapendwa, Selina, mjane wa marehemu, ameagiza kwamba hapa leo asipambwe mtu kwa sifa. "Semeni alivyokuwa, halafu mkae," amesema, nanyi mnajua kwamba Selina hasemi jambo mara mbili. Basi wasifu huu, unaosomwa na Mervin Bearinger, mwana wa Urias ambaye ni kaka yake marehemu, utasema alivyokuwa. Urias ameusoma jana, akautia machozi, akaurudisha bila kufuta neno.

Amsey Weber Bearinger alizaliwa Jumanne, tarehe 12 Machi 1940, katika shamba la wazazi wake karibu na Wallenstein, Ontario. Alikuwa mtoto wa pili wa Menno na Leah Bearinger. Urias alikuwa amemtangulia kwa miaka miwili. Siku hiyo theluji ilikuwa imeziba njia, na Menno alikuwa porini akichemsha utomvu mtamu wa miti ya mepo ili uwe sharubati. Alipoitwa aliuacha moto ukiwaka, akakimbia nyumbani, na aliporudi sharubati yote ilikuwa imeungulia sufuriani. Alimtania Amsey kwa jambo hilo mpaka Amsey alipokuwa na watoto wake mwenyewe.

Mwaka 1946 aliingia shule ya chumba kimoja iliyokuwa njia panda, akiwa hajui neno la Kiingereza, kwa kuwa nyumbani walisema Kidachi chetu tu, Kijerumani cha wazee wetu. Urias, aliyekuwa mkubwa na mjuaji, alimfundisha njiani sentensi moja ya kumvusha: "Si mbaya, asante." Mwalimu alipomwuliza jina lake, Amsey akajibu, "Si mbaya, asante." Alipoulizwa umri wake, jibu likawa lilelile. Darasa zima lilivunjika mbavu. Alisoma hadi darasa la nane, akaacha mwaka 1954 kama sisi wengine, akiwa na mwandiko mzuri na hesabu za kuridhisha. Lakini ile sentensi ya kwanza hakuiacha kamwe. Akiwa na homa, si mbaya. Fahali alipomvunja mbavu mbili, si mbaya. Wengi wetu tumelelewa hivyohivyo, ila Amsey alipitiliza.

Baba yao aligawa shamba mwaka 1962. Urias akapata upande wa mashariki na Amsey upande wa mto, kila mmoja na ng'ombe wake wa maziwa, lakini farasi, gari la nyasi na kazi ya mavuno vikabaki vya wote wawili. Mwaka 1969 kanisa letu la Wamenno, ambao hadi leo twatumia farasi, lilimteua Amsey kuwa mwanzishaji wa nyimbo. Alikuwa na sauti nene isiyoyumba. Nyimbo zetu za Kijerumani huenda polepole, na asiyezizoea hudhani watu wamesinzia. Amsey aliweza kuushikilia ubeti mpaka mwisho bila kupanda wala kushuka hata kidogo.

Alhamisi, tarehe 26 Septemba 1963, alimwoa Selina Brubacher. Selina husimulia kwamba alipoulizwa na dada zake kama mchumba huyo amemwambia anampenda, alijibu, "Amesema supu yangu ya tambi si mbaya." Dada zake wakaanza kushona shuka. Mungu aliwajalia watoto watano. Mmoja wao, Melinda, alizikwa mwaka 1971 akiwa mchanga, na ndilo jambo pekee ambalo Amsey hakupata kulisemea sentensi yake.

Tarehe 14 Julai 1988 ndugu hawa wawili walikuwa wakipakia nyasi kavu upande wa mto. Urias alikuwa ameshika hatamu mbele. Alidhani Amsey ameshapanda, akawaamrisha farasi. Amsey alikuwa na mguu mmoja hewani. Akaanguka, na gurudumu likapita juu ya goti lake la kulia. Goti liliunganishwa hospitalini na kufungwa plasta miezi mingi, na plasta ilipotoka lilikuwa limeganda. Mguu ulikuwa mzima wa kusimamia, lakini haukukunjika. Tangu siku hiyo Amsey aliketi akiwa ameunyoosha mbele, na kila aliyeingia jikoni mwake alilazimika kuuruka.

Hapa ndipo wasifu unapokuwa mgumu kusoma. Kanisani kwetu tunakaa kwa umri, na kwa hiyo Amsey na Urias walikaa bega kwa bega tangu utoto. Mara mbili kwa mwaka, baada ya Meza ya Bwana, tunaoshana miguu wawili wawili, kila mtu na jirani yake wa benchi, na anayeosha hupiga magoti. Wangemruhusu Amsey aoshe akiwa amesimama au aoshwe tu yeye. Hakutaka. Alikuwa na sheria yake kwamba asiyeweza kuosha haoshwi, na aliona aibu kulisema hilo mbele za watu. Akahamia benchi la mlangoni, ambako mguu ungepata nafasi, na mabeseni yalipoletwa alitoka nje kwenda kuwaangalia farasi.

Urias aliona kwamba yeye, kaka mtu, anakimbiwa. Aliporudi nyumbani siku ya kwanza alimwambia mkewe, "Hatanikunjia goti yule. Amekataa." Hakumwuliza Amsey. Amsey naye, ambaye hakuwa na kinyongo hata cha kuchovya kidole, hakueleza. Waliendelea kuvuna pamoja, kuazimana misumari na kuzungumzia mvua. Miaka ishirini na mitano ilipita hivyo, na sisi watoto wao tulikua tukijua kwamba kuna jambo lisilotajwa.

Mwezi wa Aprili 2013, kwa msukumo wa Selina, Amsey alikubali kufanyiwa upasuaji. Goti bovu liliondolewa na jipya likawekwa. Daktari alimweleza waziwazi kwamba goti hilo lisiposogezwa mapema, makovu ya ndani yataligandisha tena, na hakutakuwa na mara ya pili. Akarudishwa nyumbani pamoja na mashine. Ilikuwa na kitanda kifupi cha mguu, mikanda ya kuufunga, na mota ndogo iliyokunja goti taratibu na kulinyoosha, kukunja na kunyoosha, kwa kiasi alichokipanga mtaalamu wa viungo. Ilitakiwa kuhudumiwa asubuhi, mchana na jioni, ndiyo maana Selina aliiita Ndama.

Mtaalamu alikuwa Bi Colleen Dunphy, binti mwema kutoka mjini. Kila alipokuja aliongeza kipimo kidogo na kuuliza, "Bwana Bearinger, inauma?"

"Si mbaya," akasema Amsey.

Colleen alimwamini, kama ambavyo angemwamini mgonjwa mwingine yeyote, akaongeza. Wiki ya pili goti lilivimba likawa kama kabichi, ndani likavuja damu, na mashine ikabidi isimamishwe. Kila siku ya kusimama ilikuwa siku ya makovu kushika. Colleen alisimama jikoni akiwa amekunja uso.

"Sielewi. Nilimwuliza kila mara. Kila mara alisema si mbaya."

Selina aliweka chini sufuria. "Mwanangu, alipokanyagwa na gari la nyasi tulimkuta chini, mweupe kama shuka. Unajua alisemaje? Si mbaya! Kwetu mwanaume akisema si mbaya, kimbia ukamwite daktari."

"Sasa nitajuaje?"

"Hata mimi niliyeolewa naye miaka hamsini, sijui."

"Niko hapahapa, nawasikia," akasema Amsey kutoka kitandani.

"Kama unasikia, mbona hujibu ukweli?" akasema Selina.

Mashine ilipowashwa tena, kwa kipimo cha chini, Amsey aliianza siku kwa wimbo, kama alivyozoea anapokamua. Selina alikuwa akiosha vyombo. Ghafla sauti ikapanda. Ikapanda kidogo tu, mahali ambapo haikupaswa kupanda, kisha ikarudi. Goti lilipokunjwa tena, ikapanda tena palepale. Selina aliacha maji yakitiririka. Mtu huyu alikuwa ameushika wimbo ule kwa zaidi ya miaka arobaini bila kukosea, na kumbe sasa mashine ilikuwa inamtoa kwenye sauti. Alimsubiri Colleen mlangoni.

"Usimwulize tena kitu," alimwambia. "Mwambie aimbe. Akitoka kwenye sauti, hapo ndipo pa kuishia."

Colleen hakujua Kijerumani wala wimbo wenyewe, lakini alikuwa na sikio zuri, na Selina alikaa kando yake akiinua kidole sauti ilipoyumba. Kwa kinywa Amsey aliweza kumdanganya yeyote, kwa wimbo hakuweza. Waliipanga Ndama kwa njia hiyo majira yote ya kiangazi. Goti lilipochoka walilipumzisha, lilipokuwa tayari waliliongeza. Mwezi wa Agosti lilifika kwenye pembe mraba. Mwanzoni mwa Septemba Amsey alikaa kitini, miguu yote miwili chini ya meza, na wajukuu wakaja kutazama.

Jumapili, tarehe 6 Oktoba 2013, ilikuwa siku ya Meza ya Bwana. Amsey aliingia kanisani, akalipita benchi la mlangoni, akaenda kuketi karibu na Urias. Urias hakugeuza shingo. Mabeseni yalipoletwa na wimbo ukaanzishwa, Amsey alishuka taratibu, goti la kushoto kwanza, kisha la kulia, akamvua kaka yake soksi. Aliosha, akapangusa. Kisha akajaribu kuinuka, akashindwa.

"Nyanyuka basi," Urias akamnong'oneza. "Watu wanangoja."

"Siwezi."

"Inauma?"

Waliokuwa karibu wanakumbuka kwamba alichelewa sana kujibu. "Inauma, Urias. Inauma vibaya sana. Imeuma tangu siku ile."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

"Niliogopa ungeniambia." Urias alimwinamia. "Amsey, nilidhani umeshapanda."

"Najua. Nilijua siku ileile."

"Na kule mlangoni ulikokaa miaka yote? Nilisema umekataa kunikunjia goti."

"Halikukunjika," akasema Amsey. "Ni hilo tu. Halikukunjika."

Urias aliteleza kutoka benchini, miguu ikichuruzika maji, akapiga magoti sakafuni mbele ya mdogo wake, akamkumbatia. Mmoja alikuwa na miaka sabini na mitano, mwingine sabini na mitatu, na sasa hakuna aliyeweza kuinuka. Askofu alitazama, akaurudia ubeti tangu mwanzo. Edwin mwana wa Amsey na Mervin mwana wa Urias walikuja kuwanyanyua, na hapo wakapeana busu la amani kama desturi ilivyo, ila lilichukua muda mrefu kuliko desturi.

Mashine ilirudishwa ilikotoka. Lakini Colleen alikuwa akipita mara kwa mara na kusema, "Bwana Bearinger, nina mwingine anayesema si mbaya." Amsey alitandika farasi, akaenda nyumba hiyo, akaketi kando ya mgonjwa aliyefungwa kwenye Ndama mwingine, akaanzisha wimbo na kumtaka aimbe naye. Alifanya hivyo kwa Wamenno na kwa wasio Wamenno. Mkulima mmoja wa Kikatoliki wa Macton alimwimbia nyimbo za mashabiki wa mchezo wa magongo ya barafuni, na Amsey alisema zilifaa vilevile.

Moyo wake ulianza kudhoofika majira ya baridi ya mwaka 2016. Alilazwa mara mbili, kisha akaomba abaki nyumbani. Urias alivuka shamba kila jioni kuja kuketi naye. Walizungumza mengi, na Selina anasema hakupata kuwasikia wakizungumza kiasi hicho tangu aolewe. Katika wiki za mwisho daktari alipouliza kama ana maumivu, Amsey alimjibu wazi, akaonyesha mahali, na akapewa dawa ya kumtuliza. Alifariki alfajiri ya Alhamisi, tarehe 8 Februari 2018, akiwa na umri wa miaka sabini na saba, Selina akiwa upande mmoja wa kitanda na Urias upande wa pili.

Ametanguliwa na wazazi wake na binti yake Melinda. Ameacha mjane, Selina. Watoto wanne, Lovina, Edwin, Nancy na Osiah, pamoja na wenzi wao. Wajukuu na vitukuu wengi. Na kaka yake Urias.

Kama ilivyo kwetu, kaburi litafukiwa kwa mikono ya jamaa wakati wimbo ukiimbwa. Udongo umeganda na chini kuna barafu, na Urias ameombwa abaki garini. Amekataa. Amewaomba wachimbaji wamwachie koleo moja, na kwa kuwa uzee na utelezi havimruhusu kufukia akiwa wima, amesema atafukia akiwa amepiga magoti.

Amsey Bearinger na apumzike katika amani aliyoipigia magoti.