Nukta Alizozifuta Sajini Rula

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo. Aliye jikoni apunguze moto asogee karibu na redio, maana habari ya leo si ya kusikiliza kwa sikio moja.

Jumanne asubuhi alifariki mzee mmoja aliyeitwa Rula. Hilo si jina alilopewa na mama yake. Aliitwa hivyo kwa sababu hakutoka nyumbani bila rula mfukoni, hata akienda harusini. Alikuwa sajini wa jeshi, lakini si wa kukimbia na bunduki. Alichora ramani. Narudia, kwa mliofungulia redio sasa hivi: tunamkumbuka Sajini Rula, mchora ramani wa jeshi, aliyefariki Jumanne akiwa na miaka sabini na miwili.

Mnaikumbuka vita ya milimani. Jeshi letu lilikuwa na kila kitu. Helikopta, magari ya deraya, darubini za kuonea gizani. Wapiganaji wa msituni walikuwa na kandambili na punda. Tukaambiwa ni kazi ya miezi mitatu. Ilichukua miaka tisa, na mwisho wake tulioondoka ni sisi. Rula alikuwa akisema helikopta zetu zilikuwa wageni wenye adabu kupita kiasi, zinapiga hodi nusu saa kabla ya kufika. Adui anamaliza chai yake, anaosha kikombe, ndipo anaondoka.

Chumba cha ramani kilikuwa ghorofa ya pili ya makao makuu. Madirisha mawili, feni moja inayolalamika, na ukutani ramani kubwa kuliko kitanda cha watu wawili. Kazi ya Rula ilikuwa hii. Doria ikiingia kijijini na isipigwe risasi, kijiji kinapakwa rangi ya kijani. Kijani maana yake shwari. Doria ikipigwa, kijiji kinapakwa nyekundu. Basi. Maofisa waliosoma mpaka wakachoka walipima vita nzima kwa rangi hizo mbili.

Mwaka wa nne ramani ikaanza kuwa kijani. Mwaka wa tano ilikuwa kijani tupu, utadhani shamba la mpunga. Wakubwa wakapongezana. Lakini Rula alikuwa na tabia moja ya kuudhi: alisoma taarifa za doria mpaka mstari wa mwisho. Na huko chini, baada ya neno shwari, alikuta maneno ya ajabu. Kijiji shwari, wanaume hawakuonekana. Kijiji shwari, watoto hawakutuomba biskuti. Kijiji shwari, mbwa wote wamefungwa. Akajiuliza, jamani, kijiji gani hiki kinachofunga mbwa mchana kweupe?

Hapo akaelewa. Wapiganaji hawakuwa wameondoka. Walikuwa wameacha kuzishambulia doria kwa makusudi. Walitaka vijiji vya kando ya barabara vipakwe kijani, kwa sababu barabara ya kijani hupitishwa malori bila ulinzi. Sisi tukadhani tunawasoma wao, kumbe wao ndio waliokuwa wakitusoma sisi.

Alikwenda kwa Kanali, mkuu wa chumba kile, akamweleza. Alimkumbusha kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Kanali hakuwa mtu katili, tusimsingizie marehemu mwingine. Alikuwa mtu anayengoja kupandishwa cheo. Alimwambia sajini ameshapewa brashi, asitafute na kamandi. Rula akapiga saluti, akarudi ukutani. Ila kila kijiji alichokitilia shaka, alikiwekea nukta ndogo kwa penseli ngumu. Hakuna aliyeziona kwa miezi mingi.

Kisha ikasemwa waziri anakuja kuitazama ramani. Kanali akaikagua kwa karibu, akaziona nukta, akauliza uchafu huu ni wa nani. Rula akaeleza upya. Kanali hakubishana naye. Alifungua droo, akampa kifutio. Mchana kutwa Rula alisimama juu ya stuli akifuta nukta zake, moja baada ya nyingine. Waziri akaja, akaisifu ramani kwa usafi wake, akapigwa picha mbele yake.

Wasikilizaji wapendwa, sasa nifike kwenye lile lililomtafuna mzee huyu maisha yake yote.

Rula alikuwa na mdogo wake, tumbo moja, dereva wa malori ya jeshi. Mcheshi, mwenye kupenda kuimba akiwa usukani, na sauti hana. Kabla ya kila safari alipanda ngazi mpaka chumba cha ramani na kuuliza swali lilelile: kaka, njia vipi? Rula humjibu. Pita mapema. Usisimame darajani. Siku nyingine alimwambia leo tumbo linakuuma, nenda kwa daktari, na kweli dereva akaenda akijishika tumbo. Ndivyo alivyomlinda kwa miaka mitano.

Siku sita baada ya nukta kufutwa, mdogo mtu akapanda ngazi. Akauliza, kaka, njia vipi? Kanali alikuwa amesimama dirishani pamoja na maofisa wawili wageni. Rula akaiangalia ramani. Akasema, "Ramani inasema shwari."

Mdogo wake akamtazama kidogo. Akampigia Kanali saluti, akashuka.

Daraja lililipuliwa jioni ile, karibu na kijiji kilichokuwa na nukta. Risasi zikafuata kutoka pande zote mbili za barabara. Wote waliokuwa kwenye lori lile walikufa. Dereva, na vijana kumi na mmoja aliowabeba. Narudia, kumi na mmoja, na dereva wa kumi na mbili.

Vita ilipoisha iliundwa tume ya kutafuta mafunzo. Nimekisoma kijitabu chao. Kinasema helikopta zilikuwa chache, mvua zilikuwa nyingi, na buti hazikuwa imara. Buti! Tumeshindwa na watu wa kandambili, halafu tunalaumu buti. Rula aliomba kuhojiwa, akapewa dakika tano. Maneno yake hayamo humo.

Akahamishiwa chuoni, akawafundisha maofisa vijana kusoma ramani mpaka alipostaafu. Siku ya kwanza ya kila darasa alitundika ramani ya kijani tupu na kuuliza wanaona nini. Wakijibu shwari, anawasimulia habari ya dereva mmoja. Hakusema kamwe kwamba dereva huyo alikuwa mdogo wake.

Na nyumbani je? Mke wa yule dereva, shemeji yake Rula, anaishi nyumba ya tatu kutoka kwake. Rula aliwapeleka watoto wa mdogo wake shule kwa mkono wake mwenyewe. Aliziba paa, akarekebisha mlango, akawa baba. Lakini kwa miaka ishirini na sita hakuketi ndani ya nyumba ile hata siku moja. Akikaribishwa kiti, husimama mlangoni na kusema ana haraka. Haraka ya kwenda wapi, mstaafu yule?

Mwaka jana, ugonjwa ulipomzidi, alikwenda kwa shemeji akiegemea mkongojo. Mama huyu amenisimulia mwenyewe, sebuleni kwake, na sitaongeza langu.

"Aliniambia, shemeji, kaa chini, nina neno. Nikamwambia, mimi nimekaa miaka yote hii, wewe ndiye hujakaa. Basi akaketi. Akasema yote. Nukta, kifutio, na lile jibu."

Nikamuuliza alimjibu nini. Akanyoosha kitambaa cha meza, kisha akaendelea.

"Nikamwambia nilikuwa najua. Siku ile mume wangu alipita hapa kuchukua sweta. Akasema, kaka leo hakunijibu yeye, imenijibu ramani. Nikauliza maana yake nini. Akasema njia ni mbaya, na kuna mkubwa amesimama pale. Nikamshika mkono, nikamwambia basi ugua leo. Akasema, vijana wameshapanda lori, nikiugua mimi, lori atapewa dereva mwingine."

Nilidhani maneno hayo yalimpunguzia mzee mzigo. Shemeji akatikisa kichwa. Alisema Rula alilia mpaka chai yake ikapoa, kisha akamuuliza kwa nini hakumwambia mapema.

"Nikamjibu, nilikuwa nangoja wewe uanze. Lile neno la siku ile nilishakusamehe. Nilichokasirikia ni kule kusimama kwako mlangoni."

Tangu siku hiyo Rula alikwenda kuketi pale kila alasiri, miezi saba, mpaka mwili ulipokataa.

Ile ramani ipo. Jeshi liliitupa, yeye akaiokota. Binti yake aliikunjua mbele yangu juu ya kitanda. Nukta huzioni, zilifutwa vizuri. Lakini penseli ngumu huacha shimo kwenye karatasi. Nilipitisha kidole, nikazigusa. Ya darajani nayo nimeigusa.

Tunatoa pole kwa binti wa marehemu, kwa shemeji yake, na kwa watoto wawili aliowalea. Tunatoa pole pia kwa familia kumi na moja ambazo bado zinaamini buti zilikuwa mbovu. Mungu awapumzishe wote.

Nawe msikilizaji, popote ulipo, leo au kesho, kuna mtu atakuuliza njia vipi. Pengine wewe ni fundi, au muuguzi, au karani. Mjibu wewe mwenyewe, hata kama mkubwa amesimama dirishani. Na kama ulishawahi kumjibu vibaya, usisimame mlangoni miaka ishirini na sita.

Shemeji ameniomba nisimalize kwa wimbo. Amesema nyumba yake imekuwa kimya tangu Jumanne, na kile kiti cha Rula hajakiondoa. Ameomba tukae naye kidogo tu, bila kusema neno. Basi, wasikilizaji wapendwa, na tukae.